Madoa kwenye rangi ya gari: gusa kwanza, usisugue

Ukiona vidoa usivyovijua kwenye bodi, usikimbilie stilwaya wala tina. Tina inakula rangi yenyewe. Osha gari kwanza, kwa sababu vumbi letu la Dodoma ukilisugua kavu linachora kama msasa. Kisha vaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, pitisha vidole taratibu: utahisi kila punje.

Vidoa vyeusi vinavyonata, vingi nyuma ya matairi, ni lami. Tia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini, kiache juu ya doa dakika moja, futa bila kukandamiza, halafu osha kwa sabuni ya gari.

Vyeupe vya duara ni chokaa ya maji ya kisima yaliyokaukia juani. Hivi ndivyo vinasumbua wengi hapa. Changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, paka kivulini bodi ikiwa imepoa, subiri dakika moja, suuza vizuri.

Kinyesi cha ndege kilowanishe kilainike, na usikiache kilale hapo; jua la saa saba hukiunguzia kwenye rangi.

Jaribu kwanza sehemu iliyojificha, tafadhali.