Namna ya kuanzisha kikundi cha watembeleaji wa afya ya akili kijijini: mwongozo kwa wenzetu wa Lindi na Mtwara

Ikifika mwezi wa Machi, fedha za korosho zikiwa zimekwisha na mahindi mapya hayajakomaa, ndipo utakapoona shamba la fulani limemezwa na magugu na mwenyewe haonekani tena barazani kucheza bao. Majirani huwa na maelezo yao tayari: ni mvivu, amerogwa, ana mashetani, ameanza kuvuta bangi. Mara nyingi katika wote hao hakuna hata mmoja aliyekwenda kumbishia hodi na kumuuliza analalaje. Mwongozo huu ni wa watu sita, saba au wanane wa kijiji kimoja walio tayari kuifanya kazi hiyo ya kubisha hodi, kuketi, kusikiliza na kurudi tena wiki inayofuata. Nimeweka mkazo kwenye kurudi kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka niliyoshiriki kazi hii nimeona kwamba anayeanza kupata nafuu si yule aliyeambiwa maneno mazuri siku moja, bali ni yule aliyehakikishiwa kwamba Jumatano ijayo kuna mtu atakuja.

Kikundi cha namna hii hakitibu, hakitoi dawa wala hakitaji jina la ugonjwa wa mtu. Kinasikiliza, kinamsaidia mtu kupanga jambo moja analoweza kulifanya, na kinamfikisha kwa mtaalamu pale mambo yanapozidi uwezo wa jirani.

Anzeni zahanati

Vikundi vingi huanza na mkutano wa hadhara, na watu wakishahamasika hugundulika kwamba hakuna pa kuwapeleka. Nawasihi mwanzie upande wa pili. Kabla ya kumtembelea mtu yeyote, wawili kati yenu waende zahanati wakaulize mambo matatu: nani hapo anaweza kumwona mtu mwenye sonona (ile huzuni nzito isiyoondoka), kifafa au aliyechanganyikiwa; dawa zipi huwapo na zipi hukosekana; na mgonjwa akiandikiwa rufaa hupelekwa wapi. Kutoka zahanati njia hupanda hadi kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na wakazi wa Masasi na Mtama wamezizoea hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao. Andikeni siku za kliniki ya afya ya akili za hospitali iliyo karibu nanyi, na andikeni nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wawili, kwa kuwa mgonjwa hasafiri peke yake.

Suala la nauli si dogo. Kazi ya Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki, ya Zimbabwe, ambayo imesomwa na kuigwa katika nchi kadhaa, ilizaliwa na uchungu wa aina hiyo: daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kijana aliyejiua baada ya familia yake kukosa nauli ya dola 15 ya kumrudisha hospitali. Mwaka 2006 daktari huyo alianza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, mjini Harare, waliofunzwa kuketi na watu kwenye mabenchi nje ya zahanati. Baadaye utafiti uliofanyika katika zahanati 24 na kuwahusisha watu 573, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba waliosaidiwa na wahudumu hao wa kawaida walipungukiwa na dalili za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Kwa hiyo wekeni mfuko mdogo wa nauli tangu siku ya kwanza, hata kama ni mia tano kwa mwezi kwa kila mtu, na mwenye kuutunza awe mwanamke aliyekwisha kuaminiwa na fedha za kikoba.

Kisha mwende kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji mjitambulishe, na mwombe kuonana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Pia mzungumze na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ikiwa kijiji chenu kinaye, ili asione kwamba mmeingilia kazi yake.

Nani awe mtembeleaji

Mtu wa kwanza kumtafuta ni yule aliyepita mwenyewe kwenye giza hilo, akatibiwa na sasa yuko shambani kwake: mama aliyepata sonona baada ya kujifungua, kijana aliyeacha pombe, baba anayemlea mtoto mwenye kifafa kwa miaka mingi. Mtu kama huyo akisema "mimi nilikuwa nashindwa hata kuoga", anayesikiliza huinua kichwa. Hiyo ndiyo maana ya kusaidiana kwa rika, neno ambalo kwetu halihitaji kufafanuliwa, kwa sababu waliotoka jandoni pamoja hujuana na kubebana mpaka uzeeni.

Wengi watapendekeza makungwi na masomo wa unyago, yaani wanawake wanaowafunda wasichana, kwa kuwa ni watunza siri wa zamani na hakuna nyumba wasiyoingia. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Tahadhari yangu ni moja: kungwi amezoea kufundisha, na mafundisho yake mengi kwa mwanamke aliyeolewa ni kuvumilia. Akiwa mtembeleaji itambidi ajifunze kunyamaza, na hilo huchukua muda zaidi kwake kuliko kwa mtu asiyezoea kusikilizwa. Msisahau wanaume, kwani mwanamume wa miaka hamsini hatamweleza binti wa miaka ishirini kwamba usiku analia. Atafutwe mwenzake, fundi baiskeli, nahodha au mpulizaji wa mikorosho, mtu ambaye wakikaa chini ya mwembe hakuna atakayeshangaa.

Ziara yenyewe

Ziara ya kwanza haina haja ya kupita nusu saa. Nendeni wawili, mkae mahali ambapo mwenye nyumba mwenyewe amechagua, na msiandike chochote mbele yake. Mazungumzo mengi huanza namna hii:

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama."

"Nimepita kuwajulia hali. Siku hizi sikuoni barazani."

"Nipo tu."

Hapo kwenye "nipo tu" ndipo watembeleaji wengi wapya huaga na kuondoka, wakidhani wamejibiwa. Kaeni. Nyamazeni kwa muda ambao mtu angeweza kumenya muhogo mmoja. Kisha ulizeni jambo la mwili, kwa sababu mtu wetu huueleza moyo wake kwa kupitia mwili: usingizi huja saa ngapi, chakula kinapita, kichwa au mgongo vinasumbuaje, shamba umelifikia lini mara ya mwisho. Atakapojibu "silali, nawaza", mmefika mlangoni. Neno hilo la kuwaza sana lichukueni kama alivyolitoa. Wale bibi wa Harare nao hutumia neno la Kishona, kufungisisa, ambalo maana yake ni hiyohiyo ya kuwaza kupita kiasi, na halimtishi mtu kama jina la kitabibu. Mwacheni aeleze, kisha mrudishie kwa ufupi alichosema ili ajue kimefika.

Maneno ya kuepukwa ni yale tuyasemayo kwa nia njema kila siku: "vumilia tu", "mshukuru Mungu, wapo wenye shida kuliko wewe", "jikaze, wewe ni mwanamume". Yote hayo yanamwambia mtu afunge mdomo.

Kuanzia ziara ya pili au ya tatu, mwombeni ataje mambo yanayomlemea na achague moja tu. Mjomba wa mfano wetu anaweza kuwa na deni la viuatilifu, korosho alizouza kangomba kwa bei ya kutupa kabla ya msimu, mke aliyerudi kwao na mguu unaomuuma. Deni halitaisha wiki hii, lakini anaweza kwenda na mtembeleaji kwa katibu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kuuliza anadaiwa kiasi gani hasa, kwa sababu deni lisilojulikana humkosesha mtu usingizi kuliko linalojulikana. Chagueni hatua ndogo kiasi hicho, kubalianeni siku, na mkirudi muulize imekwendaje. Ikiwa imeshindikana, msilaumu. Tafuteni iliyo ndogo zaidi.

Anapozungumzia kufa

Sehemu hii isomwe kwa sauti katika mafunzo yenu, na kila mmoja ajizoeze kulitamka swali mpaka ulimi uache kukwama: "Mawazo haya yamewahi kukufikisha mahali ukafikiria kujiua?" Wapo wanaoogopa kwamba kuuliza ni kumpa mtu wazo hilo. Tafiti zimeonyesha kwamba si hivyo, na wengi wanaoulizwa kwa upole hupata ahueni kwa kuwa hatimaye kuna aliyewaona. Akijibu ndiyo, ulizeni kama amekwisha kupanga na kama anacho cha kutumia. Mwenye mpango haachwi peke yake hata kwa saa moja: mmoja anabaki naye, mwingine anamwita ndugu anayeaminiwa, ambaye katika familia nyingi za kwetu ni mjomba wake, na siku hiyohiyo anapelekwa kwenye huduma ya afya.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa ni kosa, na kwa sababu hiyo familia nyingi huficha. Waelezeni familia kwamba kumpeleka mgonjwa kutibiwa ndilo jambo la kwanza, na katika kundi lenu pasiwe na mtu anayetishia wengine kwa polisi.

Kuna jambo moja ambalo katika mikoa yetu ya korosho linaweza kuokoa maisha kuliko mazungumzo yoyote. Kuanzia Juni, nyumba zetu hujaa salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, na dawa za mbu wa mikorosho, na chupa za dawa hizo hukaa chini ya kitanda kwa kuogopa wezi. Mawazo ya kujiua huja kwa kishindo na mara nyingi hupita, lakini aliyenyoosha mkono akaikuta chupa huwa hapati nafasi ya pili. Nchini Sri Lanka, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015 baada ya serikali kupiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali zaidi. Sisi hatupangi sheria, lakini tunaweza kuwaomba wakulima watano wa jirani wachange sanduku moja la mbao lenye kufuli, likae kwa mmoja wao asiye na mgonjwa nyumbani, na funguo ishikwe na mtu mwingine. Tumelifanya hilo, na halikutugharimu zaidi ya mbao chakavu, bawaba mbili na kufuli.

Waganga, misikiti na makanisa

Familia nyingi zitakuwa zimekwisha kwenda kwa fundi, yaani mganga wa kienyeji, kabla yenu, na nyingine zitaendelea. Msigombane nao, kwa kuwa mkimlazimisha mtu achague kati ya fundi na zahanati mtampoteza. Ombeni mambo mawili tu: asiachishwe dawa za hospitali, hasa za kifafa, kwa sababu kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokatika, na asifungwe kamba wala minyororo wala kupigwa. Mkimkuta mtu amefungwa, msiwatukane ndugu zake, ambao huenda wamekesha naye siku tano. Mleteni mhudumu wa zahanati na afisa ustawi siku hiyohiyo. Mashehe na mapadre huwa msaada mkubwa wakielezwa mapema. Waelezeni wote pia kwamba dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya nafuu kuonekana, maana wengi huziacha siku ya kumi wakisema hazifai.

Siri

Niliwahi kukosea hapa, na nalisema ili msirudie. Mama mmoja alinieleza jambo la nyumbani kwake, na siku chache baadaye, kisimani, nilimuuliza kwa sauti ya upole kama lile jambo limekwisha. Walikuwapo wanawake watatu. Sikutaja jambo lenyewe, lakini walielewa kwamba lipo. Mama yule hakunifungulia mlango tena, na ilichukua miezi mingi kabla hajakubali mwenzangu aende. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba nje ya nyumba ya mtu tunasalimiana tu. Daftari la kikundi lina namba, halina majina, na hulala kwa mtu mmoja. Siri huvunjwa tu pale maisha ya mtu yanapokuwa hatarini au mtoto anapodhuriwa, na hilo kila anayetembelewa aelezwe siku ya kwanza. Kwa habari za mtoto, simu ya 116 hupigwa bure.

Kukutana na kupangiana zamu

Mtembeleaji asiwe na nyumba zaidi ya tatu. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, na kila mmoja aseme kilichomlemea, bila kutaja mwenye habari. Aliyetoka kumzika mtu aliyekuwa akimtembelea apumzishwe na yeye mwenyewe atembelewe. Mara moja kwa mwezi mwombeni mhudumu wa zahanati aketi nanyi.

Zitazameni pia nyakati za mwaka. Wakati wa masika barabara zinaweza kukatika, kama tulivyoona Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya Kilwa ikakatika upande wa Somanga; kwa hiyo mwenye dawa za kila siku asaidiwe mapema kuomba za kutosha. Oktoba ni mtihani wa namna nyingine, kwa sababu watembeleaji wenyewe huwa mashambani wanaokota korosho tangu alfajiri au wako ghalani wakisubiri mnada. Panganeni Septemba: anayejua kwamba hatapatikana aende na mwenzake kwenye kila nyumba yake, amkabidhi mbele ya mwenye nyumba, na ataje siku, ili Jumatano ikifika anayebisha hodi awe mtu anayejulikana.