Chuo, kiwanda na wizara: jinsi ya kuandaa mkataba wa utafiti usiokwama njiani

Anza na tatizo la kiwanda, na uliandike kwa namba. Tuseme msindikaji wa nafaka wa Dodoma anataka chuo kimbunie mashine ya kukaushia mahindi. Kuandika "mashine bora" ni kuandaa ugomvi. Andika hivi: mahindi yaingie na unyevu wa asilimia 20, yatoke na asilimia 13.5, ambayo ndiyo kikomo cha kiwango cha Afrika Mashariki. Kwa namba hizo kila tani inayoingia itapoteza takriban kilo 75 za maji, hivyo mhandisi anaweza kukokotoa joto, feni na kuni kabla hajakata bati.

Andikeni pia namna ya kupima. Sampuli zichotwe chini, katikati na juu ya kitanda cha nafaka, yaani nafaka iliyotandazwa ndani ya mashine, watu wa chuo na wa kiwanda wakiwepo. Ukichota chini tu, mahali hewa ya moto inapoingilia, kipimo kitakuambia yamekauka huku tabaka la juu likiwa bado bichi, na ukungu utaanzia huko.

Hati ya makubaliano inayosainiwa mbele ya kamera kwa kawaida haimbani mtu kulipa wala kukabidhi kitu. Kinachobana ni mkataba wa utafiti, na anayeusaini ni kiongozi wa chuo mwenye mamlaka hayo. Sahihi ya mhadhiri peke yake haitoshi, hata kama kazi yote ni yake. Upelekeni ofisi ya sheria mapema, rasimu ikiwa bado inabadilika.

Sehemu ya kukalia muda mrefu ni miliki bunifu, yaani haki juu ya kilichobuniwa. Kila upande uorodheshe ulichokuja nacho: michoro, programu, data. Hicho kinabaki chake. Kwa kitakachozaliwa, mpango unaofanya kazi vizuri ni chuo kumiliki, kiwanda kupewa leseni ya peke yake (hakuna mwingine anayeruhusiwa kuutumia ubunifu huo) katika sekta yake kwa miaka inayotajwa. Ongezeni kifungu kinachosahaulika sana: kiwanda kisipoanza kuzalisha ndani ya miezi 24, leseni inarudi chuoni. Bila hicho, uvumbuzi uliogharimiwa na umma unaweza kufungiwa kabatini. Mwanafunzi wa uzamili si mwajiriwa wa chuo, kwa hiyo naye asaini, na tasnifu yake ilindwe: kiwanda kipewe siku 30 hadi 60 za kuisoma kabla haijachapishwa, zisizidi.

Ombi la hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, liwasilishwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kabla ya kuonyesha chochote, au ARIPO, shirika la miliki bunifu la kanda ya Afrika, kama mnalenga nchi kadhaa. Banda la Nanenane, bango la mkutano, hata video fupi ya simu vinaweza kuharibu sifa ya upya, ambayo hataza inaidai.

Kwa upande wa serikali, kalenda ndiyo inayoangusha wengi. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, na Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili, hivyo andiko la kuomba fedha lifike idara ya mipango ya wizara mwaka uliotangulia, Oktoba hivi. Mahindi hayasubiri fedha: majaribio yakikosa mavuno mmepoteza mwaka mzima. Gharama za msimu wa kwanza zibebwe na kiwanda. Mtafiti akiwa mgeni anayekuja kutoka nje ya nchi, kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kiombwe kabla hajakata tiketi.

Malipo yafuate kazi: asilimia 30 mkisaini, 40 mashine ya mfano ikikubalika, 20 baada ya majaribio, na 10 ikishafanya kazi miezi 3. Msishushe ile 30, maana vyuma vinanunuliwa kwayo.

Mwisho, tengeni fungu la matengenezo na mafunzo. Mfumo wa kompyuta wa DHIS2, unaopokea takwimu za MTUHA, yaani taarifa za huduma za afya kutoka vituoni, umeendelea kutumika kwa sababu Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo waliendelea kufundisha watumiaji na kurekebisha hitilafu baada ya kuusimika. Kwa kikaushio, fungu hilo lilipie beringi za akiba, mkanda wa feni, na fundi wa kiwanda aliyekaa karakana ya chuo wiki 2 akiifungua na kuifunga mashine mwenyewe.