Kumchunguza Ndege kwa Alama za Vinasaba za Ndege Mwingine

Ukitaka kutambua wazazi wa ndege kwa vinasaba, kabla ya kubuni praima mpya (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili wa sehemu inayotakiwa), jaribu zile zilizotengenezwa kwa ndege wa ukoo wa karibu, kwa kuwa kadiri nasaba zinavyoachana ndivyo mikrosatelaiti nyingi (sehemu za DNA zenye mfuatano mfupi unaojirudia, zinazotumika kama alama) zinavyokosa kunakilika au kupoteza utofauti. Endesha PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) kwa sampuli za ndege wachache wasio ndugu, ukianza na joto la kushikamana (ambalo praima hujishika kwenye DNA) la nyuzi 50 hivi za Selsiasi na kulipandisha taratibu hadi mistari ya ziada kwenye jeli inayotenganisha vipande vya DNA itoweke. Mstari safi pekee hautoshi, maana alama yenye aleli moja, yaani toleo moja tu kwa ndege wote, haitambulishi mzazi yeyote. Majike wote wakionekana na aleli moja moja huku madume wakiwa na mbili, shuku kwamba alama hiyo iko kwenye kromosomu Z (ya jinsia), ambayo jike wa ndege anayo moja tu.