Ampu mpya, sauti mbovu: kulitafuta tatizo hatua kwa hatua

Umefunga ampu (kikuza sauti) kwenye gari, umewasha redio, na badala ya muziki unasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Au besi imepotea. Au taa nyekundu imewaka na spika zimenyamaza. Hapa Malindi watu wengi wakifikia hapo hubeba ampu kurudi nayo dukani. Ngoja kwanza. Ampu nyingi zinazorudishwa hazina neno. Ubovu uko kwenye waya, na upepo wetu wa chumvi huukuza haraka.

Vifaa: mita ya kawaida ya kupimia umeme, msasa, bisibisi, na kipande cha waya cha mita mbili tatu. Kabla ya kuanza hakikisha waya mwekundu una fyuzi karibu na betri, isizidi sentimita 45. Kama haipo, acha mengine yote uiweke kwanza. Waya huo ukichubuka na kugusa bodi (chuma cha gari) bila fyuzi, gari huwaka moto.

Hatua ya 1: Jua kelele inatoka upande gani

Zima kila kitu, chomoa waya za RCA (zinazoleta sauti kutoka redio) kwenye ampu, kisha washa injini na ampu. Kelele ikiwa bado ipo, tatizo liko kwenye ampu yenyewe, waya zake za umeme au waya za spika. Ikikoma, inatoka mbele: kwenye redio au kwenye RCA. Jaribio hili dogo hukuokolea nusu ya kazi, na ndilo mafundi wengi huliruka.

Hatua ya 2: Waya wa bodi

Hapa usiwe na haraka. Waya mweusi wa ampu unatakiwa ukamate chuma kitupu. Rangi haipitishi umeme, kwa hivyo kuikaza nati juu ya rangi ni kujidanganya. Piga msasa mpaka chuma king'ae, weka kichwa cha waya, kaza kwa bolti na washa yenye meno, halafu paka grisi kwa nje ili chumvi isiingie. Waya uwe mnene sawa na ule mwekundu, na mfupi. Nusu mita inatosha. Bolti za mkanda wa usalama usiziguse.

Sasa pima. Weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya ampu, nyingine kwenye hasi ya betri, muziki ukiwa juu. Muungano mzuri husoma karibu na sifuri, tuseme volti 0.1. Ukiona inakaribia nusu volti, ugonjwa umeshaupata.

Gari likilala karibu na bahari, fungua pia kichwa cha waya uangalie ndani. Shaba ikiwa na unga wa kijani, kata kipande hicho uanze upya. Na kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukitoka mweupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inafanya kazi, ila inahitaji unene zaidi ya shaba halisi.

Hatua ya 3: Njia ya RCA

Mluzi unaofuata mwendo wa injini hutokana na alteneta. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, RCA upande wa pili. Zikilazimika kukutana, zikatize kama msalaba, zisilale pamoja.

Kama mluzi bado unalia, chukua kile kipande cha waya, unganisha pete ya nje ya RCA, nyuma ya redio, na bati la redio. Mluzi ukikata, njia ya hasi ya RCA ndani ya redio imeungua. Hutokea mtu anapochomeka RCA huku umeme umewaka na waya wa bodi haujafungwa. Unaweza kuuacha waya huo hapo moja kwa moja.

Hatua ya 4: Geini

Geini, ile ya kuzungusha kwenye ampu, si kitufe cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kuilinganisha ampu na redio. Zima besi za ziada zote, weka redio robo tatu, pandisha geini polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha irudishe kidogo. Mwenye mita apige hesabu: wati mara omu (ukinzani wa spika), halafu kipeuo cha pili cha jibu. Ampu ya wati 100 kwa spika ya omu 4 ni volti 20 za AC, ukipima kwa mlio wa majaribio spika zikiwa zimechomolewa.

Hatua ya 5: Besi iliyopotea, taa nyekundu

Spika mbili zikivutana kinyume, besi hufa. Gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika, chanya kwa chanya: karatasi lazima isukumwe nje. Ikiingia ndani, alama zimegeuka.

Taa nyekundu: chomoa spika zote. Ikizima, kuna waya wa spika unaogusa bodi, au omu ziko chini mno. Spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba ni omu 2, na si kila ampu inaweza kuzibeba.

Maswali ya wanachama

*Fundi, naendesha matatu Malindi–Mombasa. Sauti inakata tukifika njiani, baadaye inarudi yenyewe.*
Joto hilo, kaka. Ampu iko chini ya kiti, imefunikwa mizigo? Iinue kutoka kwenye zulia, iache ipumue. Ukishapata nafasi, shusha geini.

*Tuktuk yangu kila besi ikipiga taa zinafifia.*
Pima volti kwenye ampu yenyewe besi ikipiga. Zikishuka sana hapo lakini betri imesimama, waya ni mwembamba. Zikishuka kote, chaji ya tuktuk haitoshi ampu hiyo. Tafuta ndogo, betri kubwa itaahirisha tu tatizo.

*Salaam kutoka Lamu. Mimi ni wa boti ya faiba, Mokowe–Lamu. Bodi hamna, waya mweusi nifunge wapi?*
Wa alaykum salaam, nahodha. Rudisha waya mweusi hadi hasi ya betri, unene uleule wa mwekundu. Usiufunge kwenye injini. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, na ampu iwe juu, mbali na maji ya chini ya boti.

*Mwalimu, kila nikizima gari woofa inapiga "pu!" kubwa. Nikiwasha pia.*
Dada, angalia waya mwembamba unaoiamsha ampu. Huenda fundi ameutoa kwenye swichi ya gari, kwa hivyo ampu inaamka kabla redio haijatulia. Nyuma ya redio nyingi za dukani kuna waya wa buluu wenye mstari mweupe. Uhamishie hapo.