Kuomba chuo ukiwa Moshi: anza na laini yako mwenyewe

Wadogo zangu wa form six, matokeo yakitoka tu mnakimbilia steshenari za karibu na stendi, mnampa kijana wa kompyuta index namba anawajazia kila kitu, mpaka imeili anaweka ya kwake. Hapo ndo balaa linapoanzia. Binti wa shangazi yangu kule Kibosho alichaguliwa vyuo viwili, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa meseji, sasa meseji ikaenda kwa yule kijana, wakahangaika kumtafuta mpaka zimebaki siku mbili dirisha lifungwe, mama mtu hali wala halali.

Kwa hiyo laini iwe yako, imeili yako, neno la siri uandike kwenye daftari. Steshenari nenda kuskani na kuprinti tu.

Pili, soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), upo bure kwenye tovuti yao. Maombi yenyewe hayaendi TCU siku hizi, unaomba chuoni moja kwa moja. Kwa kozi nyingi wanataka prinsipo 2, yaani masomo mawili ya form six uliyopata A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), ila kwenye masomo ambayo kozi hiyo inayataka, sio yoyote uliyofaulu. Udaktari wa binadamu ni Fizikia, Kemia na Bailojia, zote kuanzia D. Nimeona watu wana E ya Fizikia wanalipia fomu ya udaktari vyuo vitatu, inauma kweli hela ya mzazi inaenda hivyo.

Na msidhani lazima Dar. Hapa Moshi kuna Ushirika, KCMC na Mwenge, Arusha kuna Uhasibu pale Njiro na Makumira ya Usa River, ukilala nyumbani umeokoa kodi ya geto. Chuo cha Nelson Mandela cha Arusha kilianzishwa kwa ajili ya masters na PhD, hicho subiri kwanza.

Mkopo unaombwa kivyake, Bodi ya Mikopo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo) mapema, usingoje matokeo. Index ya form four utakayoweka huko iwe ileile uliyoombea chuo, hasa nyie mliorisiti. Fomu ya mkopo ikishasainiwa na serikali ya mtaa au kijiji na kugongwa muhuri wa wakili au hakimu, kagua kila ukurasa ndo uipandishe.