Kutoka ofisi ya uwakili Masasi hadi ujaji: maneno ya karani

Mwanangu wakili, ukija Masasi na ndoto ya ujaji, anza na mikorosho. Mimi ni karani, kazi yangu kuchapa hati za kiapo, na kinachotuletea watu zaidi ni mpaka wa shamba. Usiandike madai ukiwa kitini. Nenda shambani, uliza nani kaipanda ile mikorosho na lini, kwani madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12. Mteja akisema "zamani sana", mbane: kabla ya kifungua mimba wako kuzaliwa, au baada?

Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya zitakufikisha Mahakama Kuu, Mtwara. Huko fupisha hoja. Wababaishaji wanajulikana haraka.

Ibara ya 109 ya Katiba inataka sifa za kisheria ulizodumu nazo miaka isiyopungua 10. Rais huteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Na jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, basi usichelewe.

Ukiteuliwa, uwakili basi. Mafaili ya wateja yakabidhi kwa maandishi, wasaini, hata wakiwa shemeji zako.