Hodi kabla ya kugusa: namna ya kuandika mapenzi ya mwenye kipawa ndani ya hadithi ya fumbo

Naandika hadithi za fumbo zenye mapenzi ndani yake, na karibu zote nimeziweka hapa Amu, mji wa Lamu. Miswada ninayoletewa na waandishi wanaoanza huwa na kosa moja. Msichana ana kipawa cha kuona ya siri, kijana anampenda, mtu anauawa, msichana anamwona muuaji, wanaoana. Kipawa kimekuwa tochi: kinamulika, basi. Hakijamkosesha mtu usingizi hata usiku mmoja, na mapenzi yamekaa pembeni yakingoja fumbo liishe.

Mwongozo huu ni wa kuyafunga mawili hayo kamba moja. Mfano nitakaoutumia ni wa hadithi yangu mwenyewe: Mwanaisha, mshona kofia wa Langoni, na Athumani, fundi wa nakshi anayechonga milango. Nahodha mmoja amepotea, na kofia yake imeokotwa kwenye mikoko.

Hatua ya 1: Kipe kipawa mlango mmoja

Pwani yetu ina jina la kila namna ya kujua yasiyojulikana, na msomaji wetu hayachanganyi. Ramli ni elimu yenye kanuni na michoro yake kumi na sita. Falaki ni hesabu: herufi za jina la mtu na la mama yake hugeuzwa tarakimu, ikatafutwa nyota yake. Mwenye pepo ni kiti tu, anayesema si yeye. Mhusika anayeota Jumatatu, akapandisha pepo Jumatano na kusoma mawazo ya watu Ijumaa, msomaji wa pwani humfunikia kitabu.

Mimi nilichagua mguso. Mmarekani Joseph Rodes Buchanan alikiundia kipawa hicho jina mwaka 1842, saikometria, lakini neno hilo usimtie mhusika kinywani. Mwanaisha hana jina la hali yake. Bibi yake husema tu, "Mikono yake ina mato," yaani macho kwa Kiamu, na hapo ameshamaliza.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza, andika mipaka. Yangu ilikuwa hivi: anaona kwa nguo iliyovaliwa, si kwa kitu kingine. Anaona kwa macho ya aliyeivaa, kwa hiyo uso wa mwenye nguo hauoni. Na hasikii sauti. Mpaka wa mwisho ndio utakaokusaidia kuliko yote, maana mtu anayeona midomo ikicheza bila kusikia neno anaweza kukosea vibaya sana kuhusu ampendaye.

Hatua ya 2: Tafuta pale kipawa kinapovunja sitara

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ukipaharakisha hadithi yote italegea.

Fikiria nyumba ya mawe ya Amu. Mgeni huishia dakani, kibaraza cha mlangoni. Anayejulikana hupita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, akaingia kiwandani, ua wa ndani ya nyumba. Msana, ukumbi mrefu unaofuata, ni wa watu wa nyumba na jamaa, na ndani ni pa wenyewe. Hakuna anayevuka hatua moja bila hodi na karibu yake. Watu wawili wanaopendana huendeana vivyo hivyo. Leo anakwambia jina la shule aliyosoma, mwaka kesho anakwambia alilia lini mara ya mwisho, na kila neno amelitoa mwenyewe kwa mkono wake.

Sasa huyu mwenye kipawa anagusa kofia, na papo hapo yuko ndani. Hakupiga hodi. Hakukaribishwa.

Athumani aliwahi kuposa msichana wa Shela, akakataliwa kwa sababu ya ukoo wake. Si aibu ya kumfanya mtu ahame mji. Angemweleza Mwanaisha siku moja, pengine usiku wa joto, wakiwa juu ya dari wakipunga upepo. Lakini Mwanaisha ameshaliona: mlango unafungwa, mkono wa baba wa watu unasukuma sahani ya halua irudi ilikotoka. Amemnyang'anya Athumani nafasi ya kulisema mwenyewe. Na siku atakapolisema, Mwanaisha atalazimika kuigiza mshangao mbele ya mtu anayemtazama machoni.

Hiyo ndiyo bei. Si kuumwa kichwa wala kutokwa na damu puani, mambo ambayo waandishi wengi huyaweka kwa kuwa ni mepesi kuandika. Chukua karatasi, andika mambo matano ambayo mpenzi angeyatoa kwa wakati wake, kisha acha kipawa kimwibie moja. Moja linatosha. Ukiiba yote matano hutabaki na mapenzi ya kuandika.

Tazama tofauti. Rasimu yangu ya kwanza ilisema: "Mwanaisha alishika kofia ya Athumani, akaziona siri zake, akasikitika sana." Nikaikata. Niliyoibakisha ni hii, na inatokea baada ya kugusa mara ile ya kwanza kwa bahati mbaya (mui ni mji):

Athumani alivua kofia, akaiweka gotini, akaisukuma kidogo upande wake. "Mshono umefumuka hapa. Utanitilia mkono?"

Mwanaisha hakunyoosha mkono. "Iweke kitini. Nitaitazama kesho."

"Kofia za mui mzima wazishika. Yangu ina nini?"

Aliivuta kwa ncha ya sindano, polepole, kama mtu atoaye kaa shimoni, akaifunika kwa kanga. Athumani aliitazama ile kanga, kisha akautazama mlango.

Kipawa hakikutajwa hata mara moja. Msomaji anajua kwamba Mwanaisha anazuia mkono wake kwa mapenzi. Athumani anaona amechukiwa, na ana haki ya kuona hivyo. Siri za wageni Mwanaisha hubeba kama mzigo wa kazi. Ya huyu hataki kuibeba bila idhini, na njia pekee ya kumheshimu inafanana kabisa na kumkataa. Ukipata hali kama hiyo, ishike, usiiachie hadi sura za mwisho.

Hatua ya 3: Ono liwe nusu ya ushahidi, nusu nyingine itafutwe kwa miguu

Mwaka 1929 Ronald Knox, padri Mwingereza aliyeandika hadithi za upelelezi, alitoa amri kumi za fani hiyo. Ya pili inakataza kabisa nguvu zisizo za kawaida. Sisi tunaivunja kwa makusudi, lakini sababu yake tuiheshimu: msomaji anashindana na mpelelezi, na asidhulumiwe. Kila anachokiona Mwanaisha, msomaji akione ukurasa uleule, na kiwe kitu ambacho msomaji anaweza kukifikiria mwenyewe.

Anapogusa kofia ya nahodha, anaona hivi: mizizi ya mikoko iko wazi, matope yanang'aa, mwezi mpevu uko juu. Hakuna sura ya mtu. Lakini mwezi mpevu maana yake ni bamvua, maji kujaa na kupwa kupita kawaida, na siku hizo maji kwetu hupwa mpaka chini kabisa mnamo saa nne au saa tano za usiku. Mizizi wazi, mwezi juu: saa imejulikana. Mahali ni Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara.

Sasa kuna watu wawili waliosema kwamba saa hiyohiyo walipita Mkanda na jahazi lenye mzigo, wakipeleka mlango wa nakshi Faza, kisiwani Pate. Kila anayesafiri kwenda visiwa vya juu anajua kwamba Mkanda hungojewa maji. Bamvua limekupwa, jahazi zito litapita wapi? Mmoja wa wale wawili ni Athumani. Mwingine ni mdogo wake, na ndiye anayefichwa.

Angalia kilichotokea: dalili ya fumbo na jeraha la mapenzi vimekuwa kitu kimoja. Lakini habari za maji kukupwa usizimwage siku ya ufumbuzi, msomaji wa Dodoma au Bungoma atahisi amechezewa. Mimi nilizipanda sura ya pili: safari nyingine inachelewa, abiria wamekaa ndani ya jahazi wakila mkate wa mofa na kungoja maji yajae, mtoto analia. Inasomeka kama picha ya safari tu.

Halafu kuna mahakama. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja: jambo la kuonekana lisemwe na aliyeliona. Mwanaisha ameliona, lakini kwa macho ya nani? Hakimu hatalipokea hilo. Kwa hiyo anakwenda forodhani kuuliza jahazi liliondoka saa ngapi, anakwenda Faza kumwuliza mwenye mlango aliupokea siku gani. Acha atembee. Achoke, aongopewe. Sura hizo ndizo zinazompa mhusika miguu.

Hatua ya 4: Watu wa nyumbani

Hii ni fupi. Msichana asiyetaka kugusa kofia ya mchumba, mji utampa sababu. Shangazi atanong'ona kwamba ana jini mahaba, ndiyo maana hashikiki. Upande wa kijana watataka nyota zao zitazamwe kabla ya posa. Waandike watu hawa kwa heshima, wana hofu ya kweli na wanampenda mtoto wao. Na mganga usimfanye mwovu kwa kuwa ni mganga. Hilo limeandikwa mpaka limechakaa.

Hatua ya 5: Siku ya kumwambia

Iweke ukishapita nusu ya hadithi, kabla ya muuaji kujulikana. Waandishi wengi humfanya mpenzi aulize, "Kweli unaona?" kisha kurasa tatu ni za kuthibitisha, kikombe hiki, shati lile. Rukia mbali hayo. Athumani wangu aliamini mara moja, kwa sababu ghafla ile kanga iliyofunika kofia ilipata maana. Alichouliza ni, "Tangu lini?" Na baada ya kimya kirefu, "Yangu wayajua mangapi?"

Swali hilo la pili lijibiwe kwa ukweli kamili, hata kama litamwondoa mtu nyumbani usiku ule. Athumani aliondoka. Alirudi baada ya siku nane, na siku hizo nane Mwanaisha hakuifunua ile kanga.

Hatua ya 6: Usimponye

Katika hadithi yangu ya zamani nilikifuta kipawa usiku wa harusi, nikidhani nampa bibi harusi zawadi. Nilimsomea mama mmoja mzee wa mtaani kwetu, alasiri, yeye akifunga vikuba vya asmini. Akaniambia, "Huyu uliyemuoza siye." Nilirudi nyumbani nikaandika upya sura nne.

Kipawa kibaki. Kinachobadilika ni adabu yake. Katika ukurasa wangu wa mwisho, mdogo wake Athumani ameshakamatwa, Athumani amefiwa na imani kwa nduguye, na anamletea Mwanaisha ile kofia kwa mikono miwili. Mwanaisha ananyoosha mkono, unasimama hewani, anasema, "Hodi."

Athumani anafikiri. "Ngoja kwanza," anamwambia. "Lililomo humu nataka kukwambia kwa mdomo."

Mwanaisha anashusha mkono, anamsogezea kiti. Niliishia hapo. Harusi sikuiandika.